Nyumba Si Dagaa

Kwenye mwalo wa Kibirizi, pale ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki, mtu akikusifia dagaa wako ujue hanunui. Anayenunua kwelikweli anaanza kwa kuponda. Anachota konzi moja, ananusa, anakunja uso kama amelishwa shubiri, halafu anauliza kwa sauti kama hawa ni dagaa au ni mchanga uliopakwa magamba. Muuzaji naye hakai kimya. Anamjibu kwamba pua yake ndiyo yenye mchanga. Wakishapondana vya kutosha bei inashuka, mzigo unapimwa, na kila mmoja anaondoka akicheka. Ndivyo biashara ya pale inavyokwenda, na aliyekuwa bingwa wake, asiyepata mpinzani kwa miaka mingi, alikuwa Yunisi, mama yake Wema.

Sasa mtu akiishi kwa ulimi hivyo, ulimi unaota mizizi. Na huo ndio ulimi alioubeba Yunisi siku alipoamua kununua nyumba.

Alikuwa mpangaji kwa miaka ishirini na mmoja. Alianza Rusimbi, akahamia Ujiji, akarudi Rusimbi, akaishia Buzebazeba. Alihama mara saba, na mara zote saba hakupenda. Mwenye nyumba wa kwanza aliuza nyumba, wa pili alirudi kutoka Dar es Salaam, wa tatu alisema dagaa wananuka. Wenye nyumba hawaishiwi sababu. Na aliyewahi kupanga anajua jambo moja dogo ambalo haliandikwi kwenye mkataba wowote: mtu akisimama nje akapiga hodi na kuita “wenye nyumba!” mpangaji hanyanyuki. Anatulia chumbani kwake, anasubiri mwenyewe aitike, maana huo wito si wake. Kwa miaka ishirini na mmoja Yunisi, aliyeweza kusikika kutoka mwaloni hadi relini, alinyamaza kila alipoitwa mwenye nyumba. Hilo lilimuuma kuliko kodi.

Mwaka huu mwenye nyumba wa Buzebazeba alimwambia Yunisi kwamba kijana wake anaoa, chumba kinatakiwa kabla ya Krismasi. Yunisi alikwenda chumbani, akakaa juu ya kitanda, akasema peke yake, “Ya nane sihami. Ya nane nahamia kwangu.” Fedha alikuwa nazo, akiba ya miaka yote ile. Kilichobaki ni nyumba, na hapo ndipo alipompata Mzee Gervasi.

Mzee Gervasi alikuwa dalali. Ninajua watu wakisikia neno hilo wanashika mifuko, na si bure. Lakini huyu mtu wa Kasulu, mwenye kofia ya pama na baiskeli ya tangu enzi, alikuwa na sifa ya ajabu katika kazi hiyo: akikwambia nyumba ina vyumba vitatu, unakuta vitatu. Alimpeleka Yunisi Rusimbi, kwenye nyumba safi yenye uzio wa minyaa. Mwenye nyumba, mama wa makamo, aliwapokea vizuri akawatembeza mpaka jikoni. Yunisi akachungulia ndani, akakunja uso wake wa Kibirizi.

“Hili jiko au tanuri la matofali?” akauliza. “Mtu anapika humu au anabanikwa?”

Alitegemea yule mama amjibu kwa tusi tamu, washushiane bei. Yule mama hakuwa wa mwaloni. Alifunga mlango wa jiko taratibu, akafunga na mlango wa mbele, na wao wakiwa nje.

Nyumba ya pili ilikuwa huko huko Buzebazeba. Yunisi alisema bati lake limekula kutu kama sufuria ya magengeni, na aliyeezeka bati hilo alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, baba mzazi wa muuzaji, mzee wa miaka themanini na kitu. Mzee Gervasi aliomba radhi mpaka kofia ikamdondoka. 

Ya tatu ndiyo iliyoharibu mambo kabisa. Yunisi aliona mambo yanachelewa, akafanya anachofanya mnunuzi yeyote wa dagaa: akatuma watu watatu wamtafutie mzigo mmoja. Aliwapa kazi madalali wengine wawili bila kumwambia Mzee Gervasi. Asubuhi ya Jumanne akaelekezwa kwenye nyumba nzuri karibu na shule, na pale getini akawakuta madalali wote watatu, kila mmoja akidai huyu mama ni mteja wake. Wawili walishikana mashati. Mwenye nyumba alitoka na ndoo ya maji machafu akawamwagia miguuni, akasema hauzi tena, hata kwa malaika. Mzee Gervasi hakushika shati la mtu. Alipanda baiskeli yake, akaondoka bila kumtazama Yunisi, na huko kutotazamwa kulimchoma kuliko kama angetukanwa.

Siku tatu Yunisi alikwenda mwaloni akanunua dagaa bila raha. Siku ya nne alikaanga migebuka miwili, akaifunga vizuri, akaenda kwenye kijiwe cha Mzee Gervasi, benchi lililo mbele ya duka la dawa.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, Mama Wema.” Hakusogea kumpisha.

“Nimekuja kuomba msamaha. Nilikufanya kama mmoja wa wale wapagazi wangu wa mwaloni. Nimekosa.” Akamkabidhi samaki kwa mikono miwili. Alikuwa hajawahi kusema neno “nimekosa” bila kuongeza “lakini na wewe,” na alishangaa mwenyewe kwamba bado yuko hai.

Mzee Gervasi alifungua kile kifurushi, akatazama migebuka, akaguna. Kisha akasogea. “Kaa hapa. Nitakwambia neno moja tu, ukilishika tutaendelea. Nyumba si dagaa.”

“Hilo nalijua, Mzee.”

“Hulijui. Dagaa ni maiti, hasikii. Nyumba ina mtu. Ukiuponda mzigo pale Kibirizi, mvuvi anacheka kwa sababu kesho atavua wengine. Yule mama wa Rusimbi hatapata jiko jingine kama lile. Humo alipikia uzazi wake wote. Wewe ulidhani umeshusha bei, kumbe umemtukana mama mzima mbele ya chungu chake.”

Yunisi aliinamisha kichwa. “Sasa nikiona kasoro nifanyeje? Ninunue nimefumba macho?”

“Tazama kila kitu. Macho yako ni mazuri, sijaona kama hayo. Ila ukitoka nje niambie mimi. Nitakwenda kulisema mimi, kwa maneno yake na kwa wakati wake. Kazi yangu ni kuwa mdomo wako. Ukiwa na midomo miwili, mmoja utauuma mwingine.” Akavunja kipande cha mgebuka. “Na wale wenzangu wawili uliowapa kazi?”

“Nimeshawaaga. Nimewalipa usumbufu wao.”

“Ego, ndiyo hivyo. Mgonjwa haendi kwa waganga watatu kwa siku moja. Atameza dawa zote tatu. Sasa nitajie bei yako ya mwisho. Siyo ile unayotangaza. Ile ya kweli.”

Hapo Yunisi alisita. Bei ya mwisho, kwa mtu wa mwaloni, ni siri ya ndani kabisa. Hata Wema binti yake alikuwa haijui. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akamnong’oneza Mzee Gervasi sikioni. Mzee hakushtuka wala hakucheka. Aliitikia kwa kichwa mara moja, akaendelea kula.

Juma lililofuata akampeleka Kasingirima, kule Ujiji.

Njiani, akisukuma baiskeli, alimpa habari za mwenye nyumba ili asiingie kama kipofu. Mzee Hamdani alikuwa fundi wa maboti kwa miaka arobaini, kabla magoti hayajamgomea. Nyumba aliijenga mwenyewe. Mkewe alifariki miaka miwili iliyopita, na sasa binti yake wa Tabora anamwita akaishi naye. Anataka kuuza, lakini moyo wake haujakubali sawasawa. “Vua ndala mlangoni,” alisema Mzee Gervasi. “Akikupa maji, kunywa. Na ulimi wako, Mama Wema, nakuomba kwa jina la Mungu.”

Yunisi alikuwa amejiandaa. Alinunua pipi za mnanaa, zile ngumu, akaweka moja shavuni.

Lakini alipofika mbele ya nyumba ile pipi ilikuwa haina kazi, kwa sababu alikosa la kuponda. Ilikuwa nyumba ya zamani ya Ujiji, yenye baraza pana mbele na ukumbi katikati, na vyumba viwili kila upande. Na mlango! Mlango wa mvule, mweusi kwa umri, uliochongwa pembeni mawimbi madogo madogo, na mbao zake zilibanana kama za boti, bila hata upenyo wa kupitisha ukucha. Yunisi aliugusa. Moyo wake ulisema “huu” kabla kichwa hakijaulizwa.

Kisha akaingia, na macho yake, yale yanayoona chembe ya mchanga kwenye gunia zima, yakaanza kazi. Chumba cha nyuma kina ufa pembeni ya dirisha, kidole kinaingia. Juu ya jiko ufa mwingine. Ngazi ya uani imechimbwa na maji, na ufa wa tatu unapanda kutoka pale kwenda ukutani. Kila alipoona kasoro, sentensi nzima, tamu, kali, iliyokamilika, ilimpanda kooni. Kwenye ufa wa tatu aliing’ata ile pipi ikapasuka vipande, kha! mpaka Mzee Hamdani akageuka.

“Umesemaje, mama?”

“Nasema umeitunza, Mzee,” akajibu Yunisi, machozi ya mnanaa yakimtoka. “Imetunzwa.”

Mzee Hamdani alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa ya kazi. Hakuonekana kufurahishwa na sifa ile hata kidogo. Aliwapa maji wakanywa, wakaagana.

Walipopinda kona, Yunisi alimshika Mzee Gervasi mkono wa koti akamwaga yote: ufa wa dirisha, ufa wa jiko, ngazi, maji yanatoka wapi, bati limeinama upande gani. Alinong’ona kwa nguvu mpaka mishipa ikamtoka. Mzee Gervasi aliegemeza baiskeli, akatoa daftari lake, akaandika kila kimoja pamoja na tarehe.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza. Mzee, nyumba hiyo naitaka. Nisipoipata nitaugua.”

“Usimwambie mtu mwingine hivyo,” alisema Mzee Gervasi, na kwa mara ya kwanza alicheka.

Basi, kama mambo yangeishia hapo ningekuwa sina hadithi. Yunisi alikuwa na mdogo wake, Samson, mtu wa bodaboda, mwenye akili nyingi za kuwashauri watu mambo yasiyomgharimu yeye. Aliposikia mazungumzo ya bei yameingia juma la tatu alikaa kitako.

“Dada, hivi huyo dalali wa nini tena? Nyumba umeshaiona, mwenyewe umeshamjua. Mfuate mwenyewe jioni, mmalizane. Fungu la dalali linabaki mfukoni kwako, unanunulia rangi. Alichofanya yeye si kukuonyesha njia tu? Hata mimi ningekuonyesha.”

Shetani hahitaji maneno mengi, hayo yalitosha. Yunisi alizungushwa na wazo hilo siku mbili, akajiambia ndiyo biashara, akajiambia Mzee Gervasi hatajua. Jumamosi alasiri alipanda pikipiki ya Samson hadi Kasingirima, akamwambia amsubiri kwenye kona.

Mzee Hamdani alikuwa barazani, na alimwona kabla hajafika. “Karibu, mama. Leo peke yako?” Akampa kigoda na kikombe cha kahawa. Kisha, bila kuzunguka, akasema, “Nadhani nimejua kilichokuleta. Mimi pia nimechoka na habari za mtu wa kati. Huyo Gervasi wako ni mgumu kama jiwe. Mara tatu nimemuuliza mfuko wako una kina gani, nijue pa kusimamia bei. Mara tatu ananiambia hiyo ni siri ya mteja, hata akichinjwa. Haya, tuzungumze wawili, tupunguziane.”

Kikombe kilisimama hewani. Yunisi alikuwa amekuja na maneno yake yote mdomoni, yamepangwa. Na sasa aliona mbele yake Mzee Gervasi na ile kofia yake ya pama, akiulizwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, siri aliyonong’onezwa sikioni mbele ya duka la dawa, naye akikataa kuitoa. Siri ya mwanamke aliyemzunguka kwa madalali wengine wawili! Alijiona mdogo. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, ya moto kuliko ile kahawa.

“Mzee wangu,” alisema, akiweka kikombe chini, “nisikudanganye. Nilikuja kwa hilo. Ila sasa naona nimekuja kunywa kahawa tu. Habari ya bei ina mwenyewe. Siku atakapokuja Mzee Gervasi tutaongea.”

Mzee Hamdani aliinua nyusi, akanywa kahawa yake. “Sawa,” alisema, na baada ya funda jingine, “Sawasawa.” Hakuna aliyeongeza neno la nyumba. Waliongelea bei ya mvule.

Samson alimlaumu njia nzima. Yunisi alimwambia aangalie barabara. Kesho yake asubuhi alikwenda kwenye benchi akamsimulia Mzee Gervasi kila kitu, hata lile la kutaka kumruka. Mzee alisikiliza, akasafisha miwani yake, akasema, “Mwaloni hapo wangekuita mjinga.” Kisha akasema, “Bei nitaipatanisha mimi. Alhamisi saa tatu asubuhi tunaandikishana kwake. Usichelewe.”

Yunisi alifika saa mbili na nusu.

Walikuwa wote barazani: mwenyekiti wa mtaa na muhuri wake ndani ya mfuko wa plastiki, majirani wawili wa mipakani waliokuja kushuhudia mauziano, Mzee Hamdani katika kanzu iliyopigwa pasi, na Mzee Gervasi na daftari. Salamu zilikuwa bado hazijaisha gari jeupe likasimama mbele ya baraza. Akashuka Thobias, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, mtu mnene wa sauti na wa mfuko, na nyuma yake dalali mmoja kijana akitabasamu bila sababu.

“Nimesikia hapa panauzwa,” alisema Thobias. “Bei yoyote aliyotaja huyu mama, mimi naongeza juu yake. Taslimu.”

Yunisi alimgeukia Mzee Gervasi. Bei waliyopatana na Mzee Hamdani ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwake, na aliyejua hivyo alikuwa Mzee Gervasi peke yake, na uso wa Mzee Gervasi ulikuwa umekuwa wa kijivu. Hawakuwa na cha kuongeza. Krismasi ilikuwa majuma matatu mbele.

Thobias hakusubiri jibu. Aliingia ndani na viatu vyake, na sauti yake ikawa inawafikia kutoka chumba hadi chumba. Vyumba vidogo kama mabanda ya njiwa. Jiko hili hata mbuzi angekataa. Kuta hizi hazina faida, yote inabomolewa, hapa zinapanda fremu sita za maduka. Akatoka, akaupiga ule mlango teke dogo kwa ncha ya kiatu. “Na hizi kuni nani atazibeba?”

Yunisi alikuwa anamsikiliza mtu huyo na kumbe anajisikia mwenyewe. Kila neno lilikuwa lake. Uso uliokunjwa ule ulikuwa wake. Alimtazama Mzee Hamdani, akaona ile mikono mikubwa imekamatana magotini, akamkumbuka yule mama wa Rusimbi akifunga mlango wa jiko taratibu. Ulimi unauma kuliko meno. Aliujua uchungu huo kwa upande wa kuuma tu, leo aliuona upande wa kuumwa.

Pipi ilikuwa shavuni. Aliitema kiganjani akasimama. Mzee Gervasi alimwona, akashusha kofia ikamfunika macho.

“Wewe!” alisema Yunisi, na ilikuwa ile sauti ya Kibirizi, nzima, iliyofungiwa mwezi mzima. Kuku walikimbia. “Umeingia nyumba ya mtu na viatu, hata shikamoo hujatoa, unapiga teke mlango! Unajua mlango huo? Ingiza ukucha wako hapo kwenye maungio kama utapita! Huo ungetiwa ziwani ungefika Kalemie, ng’ambo, na abiria ndani! Kuni ni hicho kichwa chako! Mimi ninanunua na kuuza tangu sijavunja ungo, nimeponda mizigo ya watu wazima wakalia, lakini leo ndiyo nimejua kuna vitu havipondwi. Jiko hilo alipika mke wa mtu humo. Ukilitaka lisifie, hulitaki nyamaza!”

“Mama, hii ni biashara,” alisema Thobias. “Wewe huoni kwamba nyumba imepasuka?”

“Kupasuka?” Yunisi aligeuka, akaanza kuhesabu kwa vidole. “Nyufa ziko tatu. Wa kwanza pembeni ya dirisha la chumba cha nyuma, kidole kinaingia. Wa pili juu ya jiko. Wa tatu unaanzia ngazi ya uani, maji ya bati yameichimba kwa sababu bati limeinama upande wa kusini. Niliziona siku ya kwanza, kabla sijamaliza maji niliyopewa. Naitaka hiyo nyumba na nyufa zake zote. Zikibomoka nitaziba mimi, maana zitakuwa zangu!”

Kisha akakumbuka ahadi yake, akakaa chini haraka. “Nisameheni,” alisema kwa sauti ndogo. “Mzee Gervasi ndiye mdomo wangu.”

Mzee Hamdani alikuwa amesimama. “Uliziona?” aliuliza polepole. “Siku ile ya kwanza?”

“Niliziona, Mzee.”

“Na hukusema.”

“Nilimwambia dalali wangu.”

Mzee Gervasi alifunua uso, akafungua daftari, akampa. Mzee Hamdani alivaa miwani, akasoma ile tarehe, dirisha, jiko, ngazi, bati, kila kitu mahali pake. Alisoma mara mbili. Alipoinua kichwa macho yake yalikuwa na maji, lakini anacheka.

“Basi nimekuogopa bure, mama,” alisema. “Mwezi mzima silali. Nilisema, huyu mwanamke ni mpole, ana adabu, lakini nyumba haioni. Ataingia, mvua mbili tatu zitapiga, ukuta utamwangukia, na mimi niko Tabora. Fundi hampi boti mtu asiyejua linapovuja. Kumbe umeiona yote, na ukanistahi.”

“Mzee, fedha yangu ipo hapa,” alisema Thobias.

“Naiona, kijana wangu. Hongera nayo.” Mzee Hamdani alimrudishia Mzee Gervasi daftari. “Mwenyekiti, andika. Nyumba namuuzia huyu mama. Gervasi, tusemezane habari ya hizo nyufa, nimpunguzie mwenzako za kununua saruji.”

“Ego!” alisema Mzee Gervasi, na akasahau kwamba ni mtu mzima, akarusha kofia juu. Majirani wa mipakani wakapiga makofi. Yule dalali kijana alipiga makofi pia, hajui kwa nini, mpaka Thobias akamvuta garini.

Wakasaini, muhuri ukagongwa. Yunisi hakungoja aombwe. Pale pale, mbele ya wote, alimpa Mzee Gervasi fungu lake kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Mzee Hamdani akamwita pembeni, akamwonyesha mfereji wa kupeleka maji ya bati uchimbwe wapi, na jinsi ya kuupaka mlango mafuta ya mawese kila mwaka kabla ya mvua. Alipomaliza aliugusa mlango wake mara moja, akamwachia ufunguo.

Alihamia Jumapili. Samson alibeba godoro kwa pikipiki na hakushauri kitu. Wema alikuwa akifagia uani, na Yunisi amekaa ukumbini juu ya gunia la vyombo, anatazama kuta zake, nyufa zake tatu, haamini, aliposikia sauti ya mtu barazani.

“Hodi! Hodi, wenye nyumba!”

Yunisi akatulia, kama kawaida, akisubiri mwenyewe aitike. Kimya. Yule mtu akapiga tena, “Hodi, wenye nyumba!” na Yunisi akaanza kukasirika moyoni, huyu mwenye nyumba gani asiyeitika wageni, mtu amesimama juani.

Ndipo ikamjia.

Alisimama, vijiko vikamwagika. Akavuta pumzi ya miaka ishirini na mmoja, akaitika, na wanasema waliokuwa kituo cha mabasi walisikia: “Karibuuu!” Akafungua mlango wake. Mzee Gervasi alikuwa barazani, ameshavua viatu, na kofia ya pama mkononi.